DS8950F chini ya Db2: mtambo ambao kasi yake hupatikana au hupotea mezani kwa mpangaji

Mtambo wa kuhifadhia data wa DS8950F ulitangazwa na IBM mwezi Septemba 2019, sambamba na kompyuta kuu ya z15, na tangu mwanzo ulikusudiwa kuwa mwenza wa kompyuta hiyo badala ya sanduku la diski la kila kazi. Mimi nimeujua kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa hifadhidata, kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa watu waliopanga mipangilio yake kwa ajili ya Db2 for z/OS, yaani hifadhidata ya IBM inayoendeshwa juu ya z/OS, mfumo endeshi wa kompyuta kuu, katika benki moja ya Ulaya ambayo miamala yake haina saa ya kulala. Kwa hiyo tathmini hii haitamfaa anayetaka kujua kama mtambo huu unafaa kwa seva za Linux au kwa mafaili ya ofisi. Inamhusu aliyekabidhiwa karatasi tupu na kuambiwa apange volyumu (diski kama z/OS inavyoziona), njia, nakala na uakisi (nakala hai kwenye mtambo wa pili) wa Db2 kwa namna ambayo miamala itakwenda haraka na haitasimama.

Maoni yangu nayatanguliza, kwani ndiyo msomaji wa tathmini anayoyatafuta kwanza. Mtambo wenyewe ni bora, na kwa flashi pekee ungeweza kuwaridhisha wengi bila jasho. Hata hivyo, tofauti zote kubwa nilizoziona kati ya usakinishaji uliofanikiwa na ule uliolalamikiwa zilitokana na mambo yaliyoamuliwa kabla ya volyumu ya kwanza kuundwa, na baadhi ya maamuzi hayo hayabadiliki baadaye isipokuwa kwa kuhamisha data. Anayenunua DS8950F kwa matumaini kwamba flashi itafunika upangaji mbovu atalipia kasi ambayo hataipata.

Ndani ya mtambo mna seva mbili za POWER9, na kila moja ni mlinzi wa mwenzake. Kache hufikia terabaiti 3.4 katika usanidi mkubwa kabisa, na data hukaa kwenye flashi tupu chini ya ulinzi wa RAID 6, ambao huvumilia kuharibika kwa vihifadhi viwili vya kundi moja kwa wakati mmoja. Kila kinachoandikwa huwekwa katika kache ya seva moja na katika kumbukumbu ya seva ya pili isiyofutika umeme unapokatika, na hapo ndipo z/OS huarifiwa kwamba kazi imekamilika. Db2 inapoandika haingoji flashi hata kidogo. Flashi humsaidia zaidi msomaji ambaye ukurasa anaoutaka haumo kwenye kache. Jambo hili ni la msingi, kwa sababu wauzaji hupenda kuizungumzia flashi kana kwamba ndiyo inayoandika logi, yaani kumbukumbu ya kila badiliko ambalo Db2 hufanya.

Seva hizo mbili hugawana kazi kwa shufwa na witiri. Makapu ya nafasi, yaani mafungu ya flashi ambamo volyumu hukatwa, yaliyo katika kundi 0 huhudumiwa na seva ya kwanza, yaliyo katika kundi 1 huhudumiwa na ya pili, na vidhibiti vya kimantiki vinavyobeba volyumu, ambavyo kila mmoja wetu huviita LCU, hufuata mgawanyo huohuo kulingana na namba zake. Matokeo yake ni kwamba kache yenyewe, pamoja na kumbukumbu ile isiyofutika, imegawanyika nusu kwa nusu. Katika benki niliyoitaja, mpangaji aliyetangulia alikuwa ameweka hifadhidata za uzalishaji katika LCU za shufwa na zile za majaribio katika LCU za witiri, akiamini kwamba amezitenganisha vizuri. Alichofanya kwa hakika ni kuwapa wateja wa benki nusu ya mtambo na kuwaachia waandaaji wa programu nusu nyingine, ambayo usiku na mwisho wa juma ilikuwa imelala. Hakuna kengele iliyolia, kwa kuwa mtambo haujui kwamba data ya upande mmoja ina thamani kuliko ya upande wa pili. Tulichukua miezi kadhaa kuzisambaza upya volyumu hizo, ilhali kuzipanga vizuri mwanzoni kungechukua asubuhi moja.

Kanuni tunayoifuata sasa ni nyepesi. Tunakuwa na makapu mawili makubwa ya nafasi, moja kwa kila seva, kila volyumu inaundwa kwa amri ya mkckdvol ikiwa na agizo la kuzungusha ekstenti zake (vipande vya nafasi vinavyoiunda) kwenye ranki zote (safu za flashi) za kapu lake, na kila kundi la hifadhi la SMS, msimamizi wa hifadhi wa z/OS, linapewa volyumu za shufwa na za witiri kwa idadi sawa. Kutengeneza makapu mengi madogo kwa ajili ya kila mfumo huvutia kwenye mchoro, lakini kila ukuta unaoujenga kati ya kapu na kapu ni ukuta ambao mzigo mzito hauwezi kuuvuka siku unapohitaji flashi zote zisaidiane.

Suala la volyumu linamkutanisha mtu na kivuli cha mwaka 1989, ambapo IBM ilitangaza diski ya 3390. Diski hiyo haitengenezwi tena, na ndani ya DS8950F hakuna kitu kinachozunguka, lakini z/OS bado inaamini kwamba inaandika kwenye traki za baiti 56,664 na silinda za traki 15. Db2 nayo inalazimika kuingia katika vipimo hivyo. Kurasa za kilobaiti 4 hukaa 12 katika kila traki, yaani 180 katika silinda, bila mabaki ya kusikitisha. Kurasa za kilobaiti 32 huandikwa kwa vitalu vya kilobaiti 16, vitatu kwa traki na 45 kwa silinda, kwa hiyo kurasa 22 zinaenea na kitalu kimoja kinabaki bila mwenzake. Hasara hiyo ni asilimia 2.2 hivi na sitaipigia kelele. Ninachokisisitiza ni kigezo cha DSVCI, ambacho kikiwekwa YES huifanya VSAM, mfumo wa mafaili ambamo Db2 huweka data, itumie kipimo kilekile cha ukurasa wa Db2. Kikiachwa NO, ukurasa wa kilobaiti 32 hukatwa vipande vinane vya kilobaiti 4, na nakala itakayochukuliwa katikati ya uandishi inaweza kuukuta ukurasa ukiwa nusu mpya na nusu wa zamani. Ni kigezo cha zamani, ambacho Db2 13 imekiondoa, lakini nimewahi kukikuta kimeachwa kilivyo katika mfumo uliorithiwa kutoka toleo hadi toleo.

Ukubwa wa volyumu unahitaji hesabu ndogo ambayo watu wengi hawaifanyi. Ekstenti kubwa za mtambo huu ni za silinda 1,113 na ndogo ni za silinda 21. Volyumu ya silinda 10,017 ni ekstenti kubwa tisa kamili, lakini ile ya silinda 32,760 ambayo sote tumeizoea kwa jina la modeli 27 haigawanyiki hivyo: inachukua ekstenti 30, zenye silinda 33,390, na silinda 630 zinabaki hazina mwenyewe. Ukizidisha hasara hiyo kwa volyumu elfu mbili, umenunua flashi ya kutazama. Volyumu pana za silinda 262,668 ni ekstenti 236 kamili, na zile kubwa kabisa za silinda 1,182,006, karibu terabaiti moja, ni 1,062 kamili. Anayetumia ekstenti ndogo hana shida hii, kwa kuwa 32,760 na 65,520 zote hugawanyika kwa 21.

Sisi tulichagua silinda 262,668 kwa ajili ya data na faharasa, na sababu kubwa ni uhaba wa anwani. Kundi la kwanza la anwani za vifaa vya z/OS lina nafasi 65,280 tu, na mfumo wenye volyumu ndogo ndogo nyingi huzimaliza haraka kuliko unavyotarajia, hasa pale ambapo kila volyumu ina pacha wake wa uakisi anayepaswa kupatiwa makao katika kundi jingine. Volyumu pana zina tabia yake pia. Eneo lililo juu ya silinda 65,520 hugawiwa kwa mafungu ya silinda 21, takribani megabaiti 17, hata kama jedwali linahitaji kurasa kumi. z/OS hujaribu kuweka maombi madogo katika eneo la chini, lakini eneo hilo likijaa, jedwali dogo litapewa kiwanja kizima. Kwa programu za biashara zinazounda makumi ya maelfu ya majedwali matupu, hilo linafaa kuhesabiwa mapema, na kwa majedwali hayo tulitenga kundi la hifadhi lenye volyumu za kawaida. Kwa majedwali makubwa, kuacha PRIQTY na SECQTY (nafasi ya kuanzia na ya nyongeza) zikiwa -1 pamoja na MGEXTSZ ikiwa YES kunatosha. Db2 yenyewe hukuza ekstenti zake kadiri seti ya data inavyokua, na sijaona mpangaji aliyeishinda kwa kalamu na kikokotoo.

Ekstenti ndogo huja na kishawishi cha kuunda volyumu zisizo na nafasi halisi nyuma yake, zinazochota kutoka kapu kadiri zinavyoandikwa. Nina neno kuhusu jambo hili kwa sababu lilituumiza. Timu yetu iliahidi nafasi kubwa kuliko flashi iliyokuwapo, kwa hesabu kwamba hifadhidata hazijai zote kwa pamoja. Hesabu hiyo ilisahau REORG, kazi ya kupanga upya data ya jedwali. Kila REORG inayofanyika huku watumiaji wakiendelea na kazi hutengeneza kivuli kamili cha jedwali, na kivuli hicho huchota nafasi mpya kutoka kapu. Seti ya zamani inapofutwa, z/OS huona nafasi imerudi kwenye volyumu, lakini kapu halirejeshewi nafasi hiyo mpaka mtu aiachilie, kwa mfano kwa amri ya SPACEREL ya DFSMSdss, programu ya z/OS ya kunakili na kuhamisha data. Mwisho wa mwezi mmoja, kapu lilikaribia ukingoni huku ripoti za SMS zikionyesha volyumu zikiwa nusu tupu. Kapu likiisha, uandishi unakataliwa kwa kila volyumu inayohitaji ekstenti mpya humo, iwe ni ya jedwali lenye kosa au la jirani asiyehusika. Tangu hapo volyumu za logi na za katalogi ya Db2 tunaziunda zikiwa na nafasi yake yote tangu siku ya kwanza, na za data tunaziruhusu kuchota polepole kwa sharti la ulinzi mkali wa kapu. Mtambo hauna lawama hapa. Unatoa onyo kapu linapofikia kiwango ulichokiweka, ila onyo hilo lilikuwa likienda kwenye sanduku la barua la mtu aliyekwisha kustaafu.

Kuhusu njia na anwani msaidizi nitapita haraka, kwani mambo yamekuwa mepesi. Zamani anwani moja ilihudumia ombi moja kwa wakati, na maombi mengine yalipanga foleni ndani ya z/OS yenyewe. HyperPAV iliondoa foleni hiyo kwa kuazima anwani msaidizi ndani ya LCU, na SuperPAV imeongeza uwezo wa kuazima kutoka LCU jirani zilizo upande uleule wa shufwa au witiri. Pamoja na zHPF, inayofupisha mazungumzo kwenye chaneli za FICON zinazounganisha kompyuta kuu na mtambo, hizi si anasa tena. Kinachohitajika ni kuhakikisha kwamba anwani msaidizi zilizoundwa mtamboni zinalingana na zilizoandikwa kwenye HCD, orodha ya vifaa ya z/OS, na kwamba faili la IECIOSxx la kila mfumo lina ZHPF=YES pamoja na agizo la HYPERPAV. Amri za D IOS,ZHPF na D IOS,HYPERPAV zitakuambia ukweli kwa dakika moja. Niliwahi kukuta mfumo mmoja kati ya minne iliyokuwa ikishiriki data ileile ukiendeshwa bila zHPF kwa muda mrefu, na wahusika walikuwa wamejiridhisha kwamba mfumo huo una mkosi.

Kuna mabishano ya miaka mingi kati ya watu wa hifadhidata na watu wa hifadhi kuhusu kutenganisha faharasa na majedwali katika volyumu tofauti. Mzee mmoja aliyenifundisha kazi alishikilia mgawanyo huo kama mtu anavyoshikilia mpaka wa shamba, na enzi ya diski zinazozunguka alikuwa na haki, kwa kuwa mkono mmoja wa diski haukuweza kuwa mahali pawili. Katika DS8950F ekstenti za volyumu zote za kapu zimeenea kwenye ranki zote, kwa hiyo volyumu mbili tofauti zinaweza kuwa zinaishi kwenye flashi zilezile. Mgawanyo huo hauongezi kasi tena, na hapa nawaunga mkono watu wa hifadhi.

Ambapo siwaungi mkono ni pale wanapotaka kuchanganya na logi. Logi na data zitenganishwe kwa sababu ya kurejesha. Amri ya BACKUP SYSTEM ya Db2 hutegemea makapu mawili ya nakala ya DFSMShsm, programu ya z/OS ya kutunza nakala, moja la data ambalo jina lake huishia na $DB na jingine la logi linaloishia na $LG, na kila moja hujengwa juu ya makundi yake ya hifadhi. Katalogi za ICF (orodha za mahali seti za data zilipo) za data na za logi lazima zitengane pia, ili kuirudisha data ya jana kusiirudishe na logi ya jana, ambayo ndiyo pekee inayojua kilichotokea leo. Taasisi iliyoanza na katalogi moja kwa kila kitu italazimika kusimamisha mfumo ili kuitenga, na ni nadra kupata ruhusa ya kusimamisha mfumo kwa ajili ya jambo ambalo bado halijaharibika. Logi zenyewe tunaziweka nakala mbili, moja katika LCU ya shufwa na nyingine katika LCU ya witiri. Wapo wanaosema RAID na uakisi vimeifanya nakala ya pili kuwa ubadhirifu. RAID na uakisi havimzuii mtu aliyechoka saa tisa usiku asifute seti ya data isiyo yake. Vitafuta pande zote mbili kwa uaminifu mkubwa.

Kivutio kikubwa cha mtambo huu kwa wapenda Db2 ni zHyperLink, kebo fupi inayounganisha kompyuta kuu na mtambo moja kwa moja, iliyokuja na z14 mwaka 2017. Ukurasa mmoja husomwa kwa takribani mikrosekunde 20, kwa njia ambayo prosesa haiachii kazi na kuirudia baadaye bali hungoja palepale. Ni kweli inafanya kazi, na kwa usomaji wa ukurasa mmoja mmoja, ule unaotesa miamala ya mtandaoni, tofauti huonekana bila darubini. Lakini kuna masharti matatu. Kebo haiwezi kuzidi mita 150, kwa hiyo mpango wa chumba unatangulia mpango wa hifadhidata. Ukurasa lazima uwe kwenye kache ya mtambo, kwani usipokuwamo ombi hurudi kwenye FICON kama kawaida. Na muda wa kungoja hulipiwa kwa prosesa, ambayo kwenye kompyuta kuu si bidhaa ya bei poa.

Sharti la pili lina fumbo lililotushangaza sisi wenyewe. Kabla ya kununua kebo tulikuwa tumekuza bafapuli za Db2 (sehemu za kumbukumbu ambamo huweka kurasa ilizosoma), tukazibana kwenye kumbukumbu halisi kwa PGFIX(YES) na kuzipa fremu za megabaiti moja, jambo ambalo ningemshauri kila mtu alifanye kwanza kwa kuwa hakuna usomaji wa haraka kuliko ule usiotokea. Bafapuli kubwa huzihifadhi zenyewe kurasa zinazoombwa mara kwa mara, na maombi yanayobaki kuufikia mtambo ni ya kurasa za nadra, ambazo ndizo zisizokaa kwenye kache. Kadiri Db2 ilivyopangwa vizuri, ndivyo zHyperLink inavyokosa cha kusoma. Mwenye kumbukumbu nyingi kwenye z15 yake apime kwanza kiasi cha usomaji wa ukurasa mmoja mmoja uliobaki, na ni kiasi gani kati ya huo hukutwa kwenye kache ya mtambo, ndipo aamue. Kwa upande wa kuandika logi, ZHYPERLINK ikiwa ACTIVELOG au ENABLE, faida ni ya wazi zaidi, ila inawafaa wale tu ambao pacha wa uakisi yupo ndani ya umbali uleule mfupi.

Hapo ndipo kasi na upatikanaji vinapoanza kunyang'anyana mkate. Metro Mirror, uakisi wa papo kwa papo wa IBM, huandika kila kitu pande mbili kabla ya kutoa jibu, na umbali unaoruhusiwa hufikia kilomita 300. Mwanga ndani ya faiba hutumia takribani mikrosekunde 5 kwa kilomita, kwenda na kurudi ni 10, kwa hiyo kituo cha pili kilicho umbali wa kilomita 100 huongeza milisekunde nzima katika kila uandishi, na hakuna flashi, kache wala prosesa itakayoipunguza. Kurasa za data haziumii sana kwa sababu Db2 huziandika baadaye kwa wakati wake. Anayeumia ni muamala unaothibitishwa, kwani hauwezi kuachiliwa mpaka logi ithibitike kuandikwa, na wakati huo kufuli zake zote zinawangojesha wengine. Nimeona jedwali moja la kutoa namba za risiti likigeuka kuwa shingo ya chupa ya benki nzima baada ya kituo cha pili kuhamishiwa mbali zaidi, ingawa mtambo haukuwa na mzigo wa kutisha.

Dawa ya sehemu ya tatizo hilo ni zHyperWrite, inayowashwa kwa REMOTE_COPY_SW_ACCEL. Badala ya mtambo wa kwanza kupokea logi kisha kuipeleka kwa wa pili, Db2 hupeleka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Umbali unabaki palepale, lakini hatua moja ya makabidhiano inaondoka, na kwa logi zenye shughuli nyingi ni kigezo ambacho sioni sababu ya kukiacha kimezimwa pale ambapo HyperSwap ipo tayari. HyperSwap nayo ndiyo iliyonifanya niuheshimu mtambo huu: mtambo wa kwanza ukifa, z/OS huhamia kwa pacha wake huku Db2 ikiona tu kwamba ombi lake limechelewa kuliko kawaida. IBM huitangaza familia hii kwa upatikanaji wa asilimia 99.99999, yaani kusimama kwa takribani sekunde tatu kwa mwaka. Namba hiyo ni ya mtambo. Upatikanaji wa hifadhidata yako unategemea pia kama kila volyumu bila kusaza imeingizwa kwenye uakisi, kwa sababu volyumu moja tu iliyosahauliwa inatosha kuharibu siku ya kuhama.

Uamuzi mgumu kuliko yote si wa kiufundi. Uakisi unapokatika ghafla, mfumo wa kusimamia uakisi kama GDPS huzigandisha volyumu zote za upande wa pili katika nukta moja ya wakati, ili data ya huko ifanane na ya mfumo uliokatikiwa umeme, hali ambayo Db2 imejua kuianzia upya tangu utoto wake. Baada ya kugandisha, mfumo wa kwanza uendelee au usimame? Ukiendelea, wateja wanahudumiwa lakini kinachoandikwa kuanzia hapo kitapotea endapo kituo hicho kitateketea. Ukisimama, hakuna kinachopotea ila benki imefungwa, pengine kwa sababu ya faiba iliyokatwa na mchimba mtaro. Mtambo utatii lolote utakaloliandika. Tatizo ni kwamba sera hii mara nyingi huandikwa na fundi peke yake, katika skrini ambayo mkurugenzi hajawahi kuiona, ilhali ni swali la fedha za watu na si la diski.

FlashCopy, nakala ya papo hapo ya mtambo huu, ni ya haraka na inaaminika, na Db2 inaitumia kwa nakala za majedwali na kwa BACKUP SYSTEM. Tahadhari ni moja. Nakala ikielekezwa kwenye volyumu ambayo nayo inaakisiwa, bila utaratibu wa kulinda uakisi, volyumu hiyo hurudi katika hali ya kusawazishwa upya na HyperSwap huzimika mpaka imalize. Kigezo cha FLASHCOPY_PPRC kipo kwa ajili hiyo, nasi tumekiweka kidai kwamba uakisi lazima ubaki mzima, hata kama nakala itakataliwa. Ni afadhali kazi ya usiku ishindwe kwa kelele kuliko ulinzi wa benki uondoke kimyakimya. Safeguarded Copy, iliyoongezwa mwaka 2018 dhidi ya wanaofuta au kufunga data kwa makusudi, ni nyongeza nzuri inayoruhusu hadi nakala 500 zisizoguswa na mfumo wa kawaida, mradi uwe umetenga nafasi yake katika hesabu ya mwanzo.

Kwa kupima, RMF, kipimaji cha utendaji cha z/OS, bado ndiyo rafiki. Muda wa foleni ya IOSQ ukionekana, tazama anwani msaidizi. Muda wa DISC (kungoja ndani ya mtambo) ukipanda kwenye usomaji, ukurasa haukuwa kwenye kache. Ukipanda kwenye uandishi, tazama uakisi na umbali. Wengi huanza na wastani wa mtambo mzima, ambao karibu kila mara ni mzuri, wakati kundi la hifadhi la logi limefichwa ndani yake kama sindano kwenye gunia la pamba.

Malalamiko yangu dhidi ya bidhaa yenyewe ni machache. Leseni zimegawanywa mafungu matatu, la msingi, la kompyuta kuu na la nakala, na asiyeyasoma kwa makini anaweza kujikuta ana mtambo usio na uakisi aliodhani ameununua. Kiolesura cha picha ni safi lakini huficha namba zile ambazo mpangaji anazihitaji zaidi, kwa hiyo sisi hufanya kila kitu kwa DSCLI, yaani kwa amri za maandishi, na kuweka maagizo hayo kwenye faili linalotunzwa. Maelezo ya Db2, ya z/OS na ya mtambo yamo katika nyaraka tofauti, kila moja ikidhania kwamba mwenye nyaraka nyingine ameshalieleza jambo.

Kwa kituo chenye Db2 inayoshiriki data kati ya mifumo kadhaa, kikiwa na jengo la pili umbali wa kilomita chache, ningeununua tena bila kusita, na fedha za zHyperLink ningeziweka kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta kuu. Kwa kituo chenye kompyuta kuu ndogo na jengo moja, ndugu yake DS8910F, mwenye kache isiyozidi gigabaiti 512, anatosha kabisa, na kilichobaki katika bajeti kilipie siku kumi za mtu wa hifadhi na mtu wa Db2 wakiwa wameketi chumba kimoja na lahajedwali la LCU, kabla lori la kuleta mtambo halijafika.